Uzi: Laptopu imekataa nywila ya Microsoft. Kabla ya kufomati, pitieni hapa

FundiMaweni
Assalam aleikum wana-Malindi, na majirani wa Watamu, Gede na Mambrui. Nafungua uzi huu kwa sababu laptopu nyingi mno mjini kwetu zinafomatiwa bure. Mtu amesahau nywila, jina lake analiona kwenye skrini, anaipeleka mashine kwa fundi, na jioni anarudishiwa tupu: picha za harusi, hesabu za duka, kazi za wanafunzi, vyote vimekwenda. Na mara nyingi tatizo lenyewe lingemalizwa kwa simu ya mkononi.

Nywila ya akaunti ya Microsoft haiamuliwi na laptopu. Inaamuliwa na seva zao, na unaweza kuibadilisha kwa simu yoyote yenye data bila kuigusa mashine. Kwa hiyo swali la kwanza ni kujua hasa ni kitu gani kimekataa.

Tazama kisanduku cha kuandikia. Kikisema PIN, hiyo ni namba ya mashine hiyo moja tu. Haisafiri mtandaoni, na ukibadilisha nywila leo PIN inabaki ile ile. Kikisema Password na chini ya jina pana anwani ya baruapepe, hiyo ni akaunti ya Microsoft. Jina tupu bila baruapepe laweza kuwa akaunti ya ndani ya mashine, lakini usikimbilie kuhukumu, maana Windows ina mpangilio wa kuficha anwani. Andika nywila ya uongo makusudi uone jibu: akaunti ya ndani iliyowekewa maswali ya siri itakuletea maswali matatu, ya Microsoft itakuelekeza mtandaoni.

Aliyesahau PIN tu ana kazi ndogo. Bonyeza "I forgot my PIN" chini ya kisanduku, thibitisha kwa nywila au kwa msimbo utakaotumwa kwa simu, weka PIN mpya. Sharti ni intaneti iwepo pale pale kwenye skrini ya kuingilia. Au bonyeza "Sign-in options", chagua alama ya ufunguo, uingie kwa nywila. Alama hiyo ikikosekana msihangaike kuitafuta: mashine imewekwa ikubali PIN, uso au kidole pekee.

Aliyesahau nywila yenyewe aende kwa simu kwenye account.live.com/password/reset, aandike baruapepe ya akaunti, achague namba au baruapepe ya pili itakayopokea msimbo. Namba huoneshwa nusu, nawe unatakiwa kuandika tarakimu nne za mwisho ndipo watume. Nywila mpya iwe na herufi 8 au zaidi, zikichanganya angalau aina mbili kati ya herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama.

Halafu hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanarudi kwenye laptopu, wanaandika nywila mpya, inakataa, wanasema njia haifanyi kazi. Laptopu isiyo na intaneti haijui kwamba nywila imebadilika. Inakumbuka ya mwisho iliyotumika juu yake. Bonyeza alama ya mtandao pembeni chini kulia, unganisha, subiri kidogo, ndipo uandike mpya.

SaibaNgala
Wa aleikum salaam, Fundi. Naongezea kwenye hiyo intaneti ya skrini ya kuingilia. Wi-Fi ya hoteli au nyumba ya wageni, ile inayofungua ukurasa wa kuomba namba ya chumba, mara nyingi haifai hapo. Alama itaonesha umeunganishwa lakini ukurasa ule haufunguki, na Windows inabaki haina njia. Tumieni hotspoti ya simu.

Hata hotspoti ikisumbua kuna njia ambayo watu hawaifikirii: waya wa USB. Chomeka simu ya Android kwenye laptopu, ingia mipangilio ya hotspoti, washa kushiriki intaneti kwa USB. Windows huitambua simu kama kadi ya mtandao. Hii inaokoa sana laptopu ambazo Wi-Fi yake imekufa. Waya uwe wa data, si ule wa kuchaji tu.

Mwalimu_Mambrui
Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisheni nywila imesahauliwa kweli. Pwani yetu kibodi huongopa.

Chumvi ya hewani hula vigusio chini ya vitufe. Kitufe kimoja hakitoi herufi, au kinatoa mbili, na kwa kuwa nywila hufichwa kwa nukta huoni kosa. Bonyeza alama ya jicho mwisho wa kisanduku usome ulichoandika. Kama jicho halipo, hesabu nukta. Ukithibitisha kitufe kimekufa, bonyeza alama ya mtu au ya usaidizi chini kulia, washa kibodi ya kwenye skrini, uandike kwa kipanya.

La pili ni mpangilio wa kibodi, na Malindi hili ni letu zaidi kuliko miji mingine. Tuna laptopu zilizotoka Uingereza, na tuna za Waitaliano waliouza au kugawa walipoondoka. Katika mpangilio wa Uingereza alama ya @ na ile ya nukuu zimebadilishana nafasi ukilinganisha na wa Marekani: Shift na 2 hutoa nukuu, si @. Katika mpangilio wa Kiitaliano @ hupatikana kwa AltGr pamoja na kitufe cha ò. Mtu mwenye nywila ya Malindi@80200 atabisha mlango mchana kutwa na nywila yake ni sahihi. Chini kulia mwa skrini pana ENG, ITA au mfano wake. Bonyeza hapo ubadilishe, kisha hakikisha kwa lile jicho. Msifuate kilichochapwa juu ya kitufe, fuateni kinachotokea kwenye skrini.

La tatu ni saa. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao wa mashine ikiisha, laptopu inaamka na tarehe ya miaka iliyopita. Vyeti vya usalama vya mtandaoni vina tarehe, kwa hiyo mawasiliano na seva yanakataliwa na unaletewa ujumbe wa hitilafu usiotaja saa kabisa. Skrini ya kufunga ina saa kubwa, itazameni kwanza. Tarehe ikiwa si ya leo, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, uirekebishe: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, ukigonga mara mashine inapowaka. Msibadilishe kingine chochote humo. Kisha badilisheni betri, la sivyo kesho itarudi kule kule.

BintiGede
Shukran Mwalimu. Mimi ningependa tuiguse hali ngumu zaidi: mwenye mashine hajui hata baruapepe ya akaunti ni ipi. Huwa inatokea sana, kwa sababu akaunti ilifunguliwa siku laptopu inanunuliwa na haikuandikwa tena popote. Anwani nayo ameificha Windows. Aanzie wapi?

FundiMaweni
Dada, zipo njia kadhaa.

Kwa simu, fungua Gmail na kila baruapepe aliyonayo, utafute neno accountprotection. Ujumbe wa usalama wa Microsoft hutoka account-security-noreply@accountprotection.microsoft.com, na ndani yake hutaja akaunti, japo kwa nusu. Kisha kuna ukurasa account.live.com/username/recover: unaandika namba ya simu au baruapepe ya pili unayodhani iliunganishwa, unapokea msimbo, na unaoneshwa majina ya akaunti zilizounganishwa nayo.

Kwenye mashine yenyewe kuna dalili isiyojulikana na wengi. Windows ikiwekwa kwa mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, folda ya mtumiaji ndani ya C:\Users hupewa herufi tano za mwanzo za baruapepe. Folda ikiwa inaitwa mwana, basi tafuta anwani inayoanza na mwana. Herufi huwa pungufu anwani ikiwa fupi. Mlinganishe na baruapepe zote za nyumbani. Mara nyingi inagundulika akaunti ni ya mtoto au ya ndugu aliyekuwepo siku ile.

BintiGede
Na folda ataionaje ilhali mashine imefungwa?

FundiMaweni
Kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine unaoweza kuwasha mashine badala ya Windows, ikiwa diski haijasimbwa, yaani haijafungwa kwa ufunguo wa siri. Flashi ya GB 8 inatosha kwa Linux Mint. Washa laptopu ukigonga F12 kwa Dell na ThinkPad, F9 kwa HP, chagua flashi, jaribu Linux bila kuisakinisha. Diski ya Windows itaonekana kwenye kidhibiti cha faili. Hapo hapo nakili na vitu muhimu kwenye diski ya nje, hata kama unatarajia kuipata nywila.

Kama diski inaonekana lakini inakataa kuandikwa juu yake, ni kwa sababu Windows haikuzimika kabisa, imelala. Kunakili kutoka kwayo kunaendelea bila shida, msilazimishe kuandika. Na ikiomba ufunguo, basi imesimbwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows yenyewe, acheni hapo.

SaibaNgala
Naomba niseme jambo linalohusu kazi yetu sisi wa saiba, maduka ya intaneti, kwa sababu linaumiza watu. Baruapepe nyingi za wazee na vijana wa hapa zilifunguliwa kaunta, za maombi ya kazi, za mambo ya serikali, na mhudumu akaweka namba yake ya simu ili msimbo uje haraka. Tarehe ya kuzaliwa ikawekwa 1 Januari. Sanduku la posta likawa la Nairobi. Miaka mitatu baadaye mwenye akaunti anaomba msimbo na unakwenda kwa simu ya mtu asiyemjua tena.

Ukiona tarakimu za mwisho zinazooneshwa si zako wala za nyumbani kwako, rudi ulikofunguliwa. Mhudumu akipatikana, mkae pamoja: yeye anasoma msimbo, wewe unabadilisha nywila kwa simu yako, kisha papo hapo mnaingia sehemu ya usalama, unaongeza namba yako, unaithibitisha, ndipo mnaifuta yake. Kwa mpangilio huo huo: kuongeza kwanza, kufuta baadaye. Ukifuta namba zote za zamani kabla hujaongeza, au ukisema huna hata moja kati yake, akaunti inaingia kwenye subira ya siku 30 kabla taarifa mpya za usalama hazijakubaliwa. Subira hiyo hakuna wa kuifupisha, hata huduma kwa wateja.

Nyinyi wahudumu wenzangu, mteja asipokuwa na simu, acheni namba yake iwe ya mwanawe. Isiwe yenu.

Barani_Net
Habari wakuu. Msimbo wa SMS usipofika nako kuna sababu zake. Chagueni Kenya, +254, halafu namba bila sifuri ya mwanzo. Tazameni folda ya taka ndani ya programu ya ujumbe, simu nyingi za Android huzitupa SMS za namba zisizo na jina huko. Msiombe misimbo mitano mfululizo: tumieni wa mwisho uliofika, na mkizidisha maombi mnazuiwa kwa muda.

Laini iliyopotea bado ni yako ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, upewe kadi mpya ya namba ile ile, kisha uombe msimbo. Usikawie, kwa kuwa laini iliyoachwa muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine.

Mwalimu_Mambrui
Na asiye na namba, asiye na baruapepe ya pili, ana fomu: account.live.com/acsr. Hii inastahili maelezo marefu kidogo, maana watu huijaza kwa haraka wakakataliwa, wakaamini ni bahati nasibu.

Fomu inasomwa na mfumo unaolinganisha majibu yako na kilichomo kwenye akaunti. Kwanza unatoa baruapepe nyingine ya kupokea jibu. Yaweza kuwa ya rafiki, muhimu iwe inafunguka. Kisha jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi, msimbo wa posta. Andika vilivyoandikwa siku ya kufungua akaunti, si vilivyo kweli. Kama SaibaNgala alivyosema, huenda ilikuwa 1 Januari, na msimbo ukawa 00100 wa Nairobi na si 80200 wa Malindi. Fikiri aliyejaza alikuwa nani.

Halafu nywila za zamani: weka zote unazozikumbuka, hata nusu-nusu. Ikiwa akaunti ni ya Outlook au Hotmail, wataomba anwani ulizoziandikia karibuni na vichwa vya barua. Hapa usikisie. Wapigie simu uliowaandikia, wakusomee kichwa neno kwa neno kutoka kwenye sanduku lao. Hiki ndicho kipengele kinachobeba fomu nyingi.

Jaza ukiwa kwenye simu au kompyuta ambayo akaunti ilishawahi kufunguliwa, na mahali pale pale, mtandao ule ule ikiwezekana. VPN, ile programu inayoficha mahali ulipo mtandaoni, izimwe. Mwanao aliye Doha asikujazie; mfumo utaona mgeni. Jibu huja ndani ya saa 24. Ukikataliwa, unaruhusiwa kujaribu hadi mara mbili kwa siku, lakini usirudie majibu yale yale. Rudi ukiwa na kitu kipya.

Fomu hii haifanyi kazi kabisa kwa akaunti iliyowashiwa uthibitisho wa hatua mbili. Huko kinachokuokoa ni msimbo wa uokoaji wa herufi 25, ile karatasi uliyoambiwa uichapishe. Nao ukikosekana na namba zimekwenda, akaunti hiyo imekwenda.

BintiGede
Akaunti za shule na ofisi je?

Mwalimu_Mambrui
Ni kitu kingine kabisa, fomu hiyo isitumike. Msimamizi wa shule au ofisi ndiye anayebadilisha nywila, au mwenyewe kwa passwordreset.microsoftonline.com ikiwa wamekuruhusu.

Barani_Net
Turudi kwa BitLocker, Fundi ameigusa akaiacha. Laptopu nyingi mpya husimba diski zenyewe mara mwenye mashine anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila kumwuliza. Windows 11 toleo la 24H2 imelipanua jambo hili hadi mashine nyingi zaidi. Kisha siku moja, baada ya kubadilisha ubao au mipangilio ya BIOS, skrini ya buluu inaomba ufunguo wa tarakimu 48.

Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa mtandaoni: account.microsoft.com/devices/recoverykey. Linganisha herufi nane za kitambulisho kilicho kwenye skrini na zilizo kwenye ukurasa, maana akaunti moja yaweza kuwa na funguo za mashine tatu. Nakili makundi manane ya tarakimu sita sita.

Kwa hiyo mwone kwa nini akaunti ni ya kuokolewa kwanza. Ukiipoteza, diski iliyosimbwa haifunguliwi na fundi yeyote, wa Malindi wala wa Mombasa. Anayesema anaweza, anataka pesa ya kufomati. Na mtandaoni wamejaa wanaojitangaza kurudisha akaunti kwa malipo. Hao nao hawana mlango wowote. Hata watumishi wa huduma kwa wateja wa Microsoft hawana uwezo wa kukubadilishia nywila, na hawakupigii simu kukuomba msimbo. Anayeuomba ndiye mwizi.

Kwa laptopu ya mitumba, ufunguo uko kwenye akaunti ya mwenye mashine wa kwanza. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji aiwashe mbele yenu hadi ndani.

SaibaNgala
Na mafundi, ulizeni uthibitisho. Risiti, picha ya mwenye mashine iliyo kwenye simu yake, chochote. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inaadhibu kuingia kwenye kompyuta bila idhini, na kusema "mteja aliniletea" si kinga.

Kaskazi80200
Naomba ufafanuzi wa kitu kimoja. Watu hushauriwa kutumia "Reset this PC" na kuchagua kubakiza faili. Hiyo huondoa nywila?

FundiMaweni
Haiondoi. Ukichagua kubakiza faili, inafuta programu na mipangilio lakini watumiaji wanabaki na nywila zao. Utapoteza Office na kila ulichosakinisha, kisha utakutana na mlango ule ule.

Inayofungua mashine ni ya kufuta kila kitu, na iwe baada ya kunakili kilichonakilika. Kwenye skrini ya kuingilia shikilia Shift, bonyeza alama ya kuzima, chagua Restart. Ingia Troubleshoot, Reset this PC, Remove everything. Hapo unaulizwa upakue Windows mtandaoni au utumie iliyomo. Kupakua hula zaidi ya GB 4, kwa hiyo mwenye bando dogo achague iliyomo. Kupakua ni kwa mashine ambayo Windows yake yenyewe imeharibika. Chaja iwe imechomekwa, na betri ya laptopu iwe nzima, kwa sababu umeme ukikatika katikati na betri ni mbovu, Windows haitawaka na itabidi uisakinishe upya kwa flashi. Leseni hurudi yenyewe ikipata intaneti.

Akaunti ya ndani isiyo na maswali ya siri ina njia nyingine ikiwa mashine ina msimamizi wa pili. Aingie yeye, afungue dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi, aandike net user, jina, na alama ya nyota. Itaomba nywila mpya. Faili zinabaki. Ila nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari na faili zilizosimbwa kwa akaunti hiyo hazitafunguka tena, basi mwenyewe ajulishwe kabla.

Kaskazi80200
Shukran. Na PIN ikikosewa mara nyingi, mashine inaandika A1B2C3. Imevamiwa?

FundiMaweni
La. Inataka kuhakikisha kibodi inaandika sawa na kwamba si mtoto anayechezea. Andika hivyo hivyo A1B2C3, jaribu tena. Ukiendelea kukosea itakutaka uiwashe upya. Usiendelee kubahatisha, maana kipande cha usalama kilicho ndani ya mashine huhesabu makosa na hatimaye hujifunga kwa muda. Nenda kwenye "I forgot my PIN".

BintiGede
La mwisho kwangu: laptopu ya marehemu. Familia ina mashine, haina nywila.

Mwalimu_Mambrui
Mungu amrehemu. Kama laini yake bado iko mikononi mwa familia, isifungwe haraka. Misimbo inakuja huko. Kama diski haikusimbwa, picha na nyaraka zinanakiliwa kwa flashi ya Linux kama Fundi alivyoeleza, wakikubaliana warithi. Baruapepe na vilivyo OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ni suala la mahakama: Microsoft hawaangalii ombi la yaliyomo bila amri ya kisheria waliyokabidhiwa rasmi. Na kuna muda. Akaunti isiyoingiwa kwa miaka miwili huhesabiwa imeachwa na yaweza kufungwa pamoja na vilivyomo, kwa hiyo mwenye kwenda kwa wakili aende mapema, akiwa na cheti cha kifo na anwani kamili ya akaunti.